Jiwe la Mpangaji

Kuna maneno ambayo watu huyatamka kwa ulimi mwepesi kwa sababu hawajawahi kuumizwa nayo. "Asiyekujua hakuthamini" ni mojawapo. Maana yake haihitaji mwalimu: mtu asiyekufahamu hawezi kuujua uzito wako, na kitu ambacho uzito wake haujulikani hutupwa jaani pamoja na maganda. Wengi hudhani methali hii ni ya binadamu peke yao. La. Ni ya kisiwa pia, na ya nyoka pia, na yuko mpishi mmoja aliyeithibitisha kwa vyote vitatu ndani ya siku saba, akiwa na jiwe moja jeusi na chupa kumi na mbili za watu.

Walimwita Bi Chumvi, na si kwa sababu ya mapishi. Mboga zake zilikuwa na kiasi. Ulimi wake ndio uliokolea. Aliishi katika chumba kimoja kwenye safu ya nyumba za mabati nyuma ya kiwanda cha sabuni, mahali ambapo hata maji ya kunywa yalinuka povu. Chumbani mlikuwa na kitanda, kabati lililobakiwa na mlango mmoja, jiko la mafuta ya taa, na juu ya kabati, pale ambapo wengine huweka picha ya harusi, jiwe. Lilikuwa jeusi, la mviringo, laini kama shavu la mtoto, ukubwa wake sawa na mkate. Wageni walipouliza alijibu, "Urithi huo." Waliocheka aliwaacha wacheke. Alikuwa amezoea.

Jiwe lile lilitoka kisiwani alikozaliwa. Kilikuwa mbali, safari ya siku mbili kwa boti ya injini, na kidogo kiasi kwamba kwenye ramani ungedhani nzi amejisaidia. Alipokuwa na miaka minane walikuja watu wenye karatasi wakashusha mbuzi mia mbili, wakasema haya ndiyo maendeleo. Mbuzi wakala majani, wakala maganda ya miti, wakala hata makuti ya mapaa. Miaka mitatu baadaye wenye karatasi wakarudi, wakautazama uharibifu wa mbuzi wao, wakatikisa vichwa kwa huzuni kubwa kama vile si wao, kisha wakatangaza kwamba kisiwa hakikaliki na wenyeji wote watahamishwa kwa miezi mitatu. Miezi mitatu! Bi Chumvi aliishika ahadi hiyo kama mtu ashikavyo kaa la moto kwa koleo, bila kuliachia na bila kuungua. Miezi mitatu sasa ilikuwa imetimiza miaka thelathini na minane. Mbuzi walikufa kwa njaa waliyojiletea. Waliowaleta walistaafu kwa hotuba na mashada ya maua.

Siku ya kuhama kila familia iliruhusiwa mzigo mmoja. Mama yake aliacha masufuria, akaacha nguo, akabeba jiwe. Askari waliokuwa gatini walishika mbavu. "Mama, huko unakokwenda mawe yamejaa tele!" Ndani ya boti ndipo mama alipomnong'oneza bintiye: "Hawajui hawa. Asiyekujua hakuthamini, mwanangu. Litunze. Ni jiwe la mpangaji."

Mpangaji alikuwa nyoka. Hakupatikana bara, wala kisiwa kingine chochote. Urefu wake ulikuwa mkono mmoja na nusu, unene wake mpini wa fagio, na hakuwa na sumu hata ya kumuulia kunguni. Mchana alikuwa na rangi ya majivu yaliyolowa. Jua likizama alipauka taratibu hadi akawa rangi ya mchanga, kana kwamba amevua koti la kazi na kuvaa la nyumbani. Taya lake la juu lilikuwa na kiungo katikati, likikunjika kama kitabu, ndiyo maana mjusi mtelezi kuliko sabuni hakumponyoka. Hakuchimba nyumba. Aliingia katika mashimo ya ndege weusi wa baharini akajikunja ubavuni mwa ndege, akaota joto la manyoya yake, na kwa malipo akamlia wadudu na mijusi waliosumbua yai. Ndege hakumfukuza, naye hakuligusa yai. Waliishi hivyo kwa heshima ambayo Bi Chumvi hakuwahi kuiona kati ya mwenye nyumba na mpangaji yeyote wa mjini.

Tatizo lilikuja msimu wa baridi, ndege walipoondoka kwenda kusikojulikana. Shimo lilipoa na nyoka akabaki akitafuta joto. Hapo ndipo mama yake Bi Chumvi alipolitia lile jiwe mekoni wakati wa kuoka mikate, akalitoa jua likichwa, akalifunga gunia, akaliweka nje ya mlango wa jikoni. "Mwenye nyumba kasafiri," alisema, "mpangaji asife. Tukimtunza leo, kesho mijusi hawatatembea kwenye unga wetu." Asubuhi walimkuta amelizunguka jiwe pindi juu ya pindi, ametulia kama kamba ya meli.

Hayo yote Bi Chumvi aliyabeba moyoni kwa miaka thelathini na minane, na hakuna aliyemuuliza, hata siku alipoajiriwa kuwapikia watu waliokuwa wakienda kisiwa hicho hicho kumtafuta nyoka huyo huyo.

Kazi aliipata kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa nahodha wa boti ya kukodi. Kampuni moja ilitaka kukichimba kisiwa. Chini ya udongo wake kulikuwa na kinyesi cha ndege kilichogandamana kwa karne hadi kikawa jiwe, na jiwe hilo likisagwa huwa mbolea. Kilichosimama njiani ni nyoka tu. Mtaalamu mmoja, ambaye wote walimwita Daktari, alikuwa amekwenda kumtafuta mara mbili asimwone hata gamba. Sasa alipewa siku saba za mwisho. Asipompata, ataandika kwamba nyoka ametoweka duniani, na baruti zitapakiwa melini.

"Na makaburi?" Bi Chumvi aliuliza.

"Makaburi gani, shemeji? Kwenye karatasi zao hakuna makaburi."

Yalikuwepo kumi na saba. Bibi yake alikuwa humo, na la mwisho, fupi kuliko yote, lilikuwa la mdogo wake. Bi Chumvi alikwenda kabatini, akalishusha jiwe, akalitia kwenye kapu chini ya unga.

"Nahodha," alisema, "waambie umepata mpishi."

Walikuwa wanne botini. Wa nne alikuwa mwakilishi wa kampuni, bwana mnene mwenye viatu vya kung'aa, aliyelikumbatia jalada lake hata alipokuwa akitapika. Kabla hawajafika, Bi Chumvi alikwishambatiza: Bwana Mkataba.

Kisiwa kiliwapokea kwa upepo wa baridi. Ndege walikuwa wamekwishahama. Vichaka vilikuwa vimeanza kurudi baada ya mbuzi kufa, vifupi lakini vibishi, vimeshika ardhi kwa meno. Bi Chumvi alivua kandambili zake gatini. Machozi yalimlenga, akayameza; hakutaka Bwana Mkataba ayaone bure.

Daktari alianza kazi saa hiyo hiyo, na viatu vyake vya ngozi ngumu, akipindua mawe kwa nondo. Kila hatua ya tatu mguu ulizama hadi kifundoni, akauchomoa, akaendelea. Bi Chumvi alivumilia kwa muda wa kuchemsha chai moja. Kisha uvumilivu ukamwishia.

"Daktari, huyo hutampata chini ya mawe. Na hivyo viatu, baba, vivue. Huko chini unakovunja ni nyumba za watu."

"Watu gani, mama?"

"Ndege. Na wapangaji wao."

Daktari alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu. "Mama yangu, umewahi kusoma habari za nyoka?"

"Sijazisoma. Nimelala naye nyumba moja."

Bwana Mkataba aliangua kicheko hadi chai ikamtokea puani. "Kumbe mpishi wetu ana mume wa kando! Nahodha, kaka yako aliibiwa!"

"Kaka yangu alikuwa mwanamume," nahodha alijibu bila kugeuka. "Wewe hata wimbi lilikuliza."

"Nimewasoma nyoka kwa miaka ishirini na miwili," Daktari alisema, bado kwa upole, na upole huo ulimchoma Bi Chumvi kuliko kile kicheko. "Kila mtu na kazi yake, mama. Wewe tupikie."

Jioni, wakila, Bwana Mkataba alifungua jalada ili kuchangamsha mlo. "Sikilizeni shairi. Kifungu cha nne: 'Iwapo mnyama asiyepatikana mahali pengine popote ataonekana hai kisiwani, mbele ya mtaalamu na mwakilishi wa kampuni, mkataba huu utabatilika.' Hai! Mbele yangu!" Akajipiga kifua. "Mimi nitakuwa macho siku zote saba. Nimekuja na miwani miwili."

Bi Chumvi alikuwa akikwangua sufuria. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kukwangua. Kifungu kile kilimwingia kichwani neno kwa neno na kukaa.

Kesho yake jioni alilipasha jiwe, akalifunga gunia, akaenda nalo hadi palipokuwa mlango wa jikoni kwao. Palibaki mafiga tu. Aliliweka pale pale alipoliweka mama yake. Alfajiri alirudi akikimbia kama msichana wa miaka kumi na mmoja. Jiwe lilikuwa limepoa, peke yake.

Alikaa kitako chini. Kwa mara ya kwanza moyo ulimwambia kwamba pengine wao ndio wakweli; kwamba mbuzi walimaliza kila kitu, na yeye amehifadhi jiwe kwa miaka thelathini na minane kwa ajili ya marehemu. Aliinamisha kichwa. Na kwa kuwa alikiinamisha, aliona: alama za soli. Za zamani na za jana. Kila shimo mbele ya jikoni lilikuwa limeporomoka. Daktari alianza kazi hapo mara zote tatu, kwa sababu hapo ndipo karibu na gati.

"Loo!" alisema kwa sauti. "Mtu anabomoa nyumba, kisha anaandika kwamba mpangaji hayupo."

Jioni ya tatu alikwenda upande wa pili wa kisiwa, pekupeku, akiupapasa udongo kwa vidole kabla ya kuutwika uzito wake, kama walivyofunzwa tangu utotoni. Huko mashimo yalikuwa mazima. Aliweka jiwe. Na alfajiri ilipopambazuka, alimkuta.

Alikuwa amelizunguka jiwe pindi juu ya pindi. Rangi ya mchanga ilikuwa ikianza kurudi kuwa majivu, kuanzia mkiani. Aliinua kichwa, akaonja hewa kwa ulimi, akamtazama Bi Chumvi bila haraka na bila woga, kisha akakilaza tena. Wenye karatasi walimletea mbuzi. Mbuzi walimlia kivuli. Viatu vilimwangushia dari. Msimu baada ya msimu alikaa na njaa gizani, asimlilie mtu, asihame. Wao, wanadamu mia moja na ushei, walihamishwa kwa siku moja. Huyu mwembamba kama mpini wa fagio alibaki akawashikia kisiwa.

"Shikamoo," Bi Chumvi alimwambia, na hakuwa anatania.

Hakumwambia Daktari. Alimwambia nahodha, wakichota maji, na nahodha aliruka nyuma kana kwamba nyoka yumo ndoani.

"Umemwona? Kwa macho yako? Basi twende tukaseme!"

"Tukaseme nini, shemeji? Umeziona zile chupa kumi na mbili hemani? Na lile dumu la spiriti ya kutunzia maiti? Unadhani amebeba za kutilia asali?"

Nahodha alikuna kichwa. "Ukinyamaza, wanachimba. Ukisema, wanamtia chupani. Sasa shemeji, hapo si ni kuchagua kati ya mamba na mto?"

"Ndiyo maana sijalala. Idadi ya hawa hatuijui. Kama wamebaki kumi, na Daktari akachukua kumi, tutakuwa tumewaua sisi wenyewe na kuwapunguzia gharama ya baruti."

Siku ya nne ikapita, na ya tano. Daktari aliamka mapema, akarudi amechelewa, mabega yakizidi kushuka. Bwana Mkataba alinawiri. Siku ya sita aliandaa fomu, akaijaza mwenyewe ili kumwondolea Daktari usumbufu: Idadi ya nyoka walioonekana, hakuna. Ilibaki saini tu, na saini ingetiwa asubuhi kabla ya boti kuondoka.

Alasiri hiyo Bi Chumvi alimkuta Daktari ameketi juu ya sanduku, chupa tupu mapajani, akiipangusa kwa shati. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimechelewa, mama," alisema. "Nilimwona mara moja, nikiwa mwanafunzi. Amekufa, mweupe, ndani ya chupa kama hii. Nikajiapia kwamba nitamwona mzima."

Hilo Bi Chumvi hakulitarajia. Alimtazama kwa jicho jipya. "Na ungempata leo?"

"Ningemtia humu," alijibu, bila hata kuona alichokisema. "Watano, pengine kumi. Mmoja hatoshi kwa hifadhi ya makumbusho."

Ilimbidi Bi Chumvi ageuke upande. Kumbe mtu anaweza kulilia kitu miaka ishirini na miwili, na mkononi ana kaburi lake! Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyejua, na asiyejua akipewa chupa huua kwa mapenzi yale yale ambayo mwingine angelishia. Hapo wazo likamjia, jepesi, kama chumvi iingiavyo kwenye maji.

"Chupa hizi zina vumbi, Daktari. Niende nazo nikazioshe?"

"Zioshe tu, mama. Hazina kazi tena."

"Na mafuta ya taa yamekwisha. Niwashie ile spiriti?"

"Washa." Akatikisa mkono. "Nayo haina kazi."

"Yote kumi na mbili, na dumu zima?"

"Yote, mama. Yote."

Bi Chumvi alimwita nahodha kwa kichwa. Waliwasha spiriti kwenye makopo matatu, ikawaka bila moshi kwa ulimi wa buluu, wakachemsha maji sufuria baada ya sufuria. Mpishi anajua kwamba kioo baridi kikimiminiwa maji ya moto hupasuka, kwa hiyo alitangulia na maji ya uvuguvugu, akazungusha, ndipo akajaza. Alikaza vifuniko, akafunga kila chupa kwa kipande cha gunia. Jiwe nalo alilitia katikati ya moto. Jua lilipoanza kuzama walivuka upande wa pili, chupa sita kwenye kila kapu.

"Mimi nitasimama hapa," nahodha alisema walipofika.

"Nahodha mzima anaogopa mnyama asiyemeza hata panya?"

"Siogopi, shemeji. Namwachia nafasi."

Aliziweka moja moja kwenye midomo ya mashimo, na jiwe akaliweka katikati. Kisha akasimama kidogo. "Nimekupa joto lote nililoweza," aliyaambia mashimo. "Kesho nitakuletea wageni. Nisamehe. Kama si leo, hatuna kesho wewe wala mimi."

Kulipokucha alipiga hodi hemani. "Chai tayari! Lakini leo inanywewa nje. Na viatu mvue."

"Nivue viatu niende wapi?" Bwana Mkataba alifoka.

"Kutia saini. Si ndilo ulilolijia? Njoo na jalada lako na kalamu. Na miwani yote miwili."

Walimfuata. Daktari alikuja kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubisha. Bwana Mkataba alikuja akilalamika kila kokoto, akitembea kama kuku kwenye matope. Kwenye mwinuko wa mwisho Bi Chumvi aliwasimamisha kwa mkono. Jua lilikuwa limechungulia, mwanga umelala chini chini juu ya ardhi.

Kwa nje ya chupa ya kwanza alijizungusha mmoja. Ya pili, wawili, wamesukana kama mkeka. Ya tatu haikuwa na mtu, ya nne ina mmoja mwembamba kama penseli, mtoto wa mwaka huo huo. Na juu ya jiwe jeusi alilala mkubwa wao, mchanga ukigeuka majivu mgongoni mwake polepole, mbele ya macho yao. Daktari alihesabu kwa midomo bila sauti. Kumi na mmoja. Akapiga magoti, na kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili akanyoosha mkono nyuma.

"Chupa! Nahodha, lete chupa upesi!"

"Chupa zina watu, Daktari," Bi Chumvi alisema.

Daktari aliangalia. Zilikuwa zote pale mbele yake, na wale aliowataka walikuwa wamezikumbatia kwa nje.

"Basi... ile spiriti..."

"Umesema niwashe. Ndiyo iliyowapashia maji."

Mkono wa Daktari ulibaki hewani. Kisha ukashuka. Nyoka mkubwa alipiga mwayo, na lile taya la juu likakunjika katikati kama kitabu kinachofungwa. Daktari alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Katika maandishi yote aliyoyasoma, hakuna aliyewahi kuandika kwamba anapiga mwayo. Wa chupani hapigi miayo. Alivua kofia, akailaza chini. "Mara zote tatu," alisema taratibu, akizitazama nyayo zake tupu. "Nilikuwa nikitembea juu yao."

"Bwana Mkataba," Bi Chumvi aliita, "hebu nisomee tena kile kifungu cha nne. Kile chenye 'hai'. Macho yangu ni mazito asubuhi."

Bwana Mkataba alikuwa amekunja uso kama kitambaa cha deki. Aliwatazama nyoka, akatazama kapu, na ghafla akapata pumzi. "Hila hii! Kaja nao huyu mwanamke! Kawabeba kwenye kapu la unga! Daktari, hebu fikiri, mpishi wa nyuma ya kiwanda cha sabuni atajuaje—"

"Angewatoa wapi?"

Daktari hakupaza sauti. Alisimama, magoti yake yamejaa udongo.

"Nakuuliza, bwana. Hawapatikani mahali pengine popote duniani, umelisoma hilo mwenyewe mezani. Kama kawaleta kutoka nje, nionyeshe huko nje. Na kama huwezi, shika kalamu."

Fomu iliyojazwa "hakuna" ilichanwa. Mpya iliandikwa pale pale juu ya goti la Daktari: kumi na mmoja, hai, mbele ya mtaalamu na mwakilishi wa kampuni. Penye jina la mnyama Daktari alisita, kisha akamgeukia Bi Chumvi, na kwa mara ya kwanza tangu gatini akamuuliza swali akitaka jibu. "Mlikuwa mkimwitaje, mama?"

"Mpangaji."

Akaandika. Bwana Mkataba alitia saini kwa herufi zilizopinda, na nahodha akamshikia jalada, akimsifu kwa mwandiko mzuri.

Chupa walizichukua jua lilipokolea, nyoka wote walipokwisha kurudi mashimoni. Jiwe Bi Chumvi hakulichukua. Alilipeleka hadi kwenye mafiga ya mama yake, akaliweka kwenye mlango wa jikoni, mahali pake. Kisha akazunguka makaburi yote kumi na saba akang'oa magugu hadi nahodha alipopiga honi mara ya tatu.

Wenyeji bado hawajarudishwa. Hilo ni shauri jingine, na yuko mtu nyuma ya kiwanda cha sabuni anayehesabu ile miezi mitatu mpaka leo. Lakini baruti hazikupakiwa, na msimu wa baridi uliofuata mtu alibisha hodi kwenye mlango wa bati. Bi Chumvi alifungua akiwa na unga mikononi. Alikuwa Daktari, amesimama uani.

"Mama, tunakwenda tena kuwahesabu. Nimekuja kukuomba tufuatane."

"Kama nani?"

Daktari alitoa karatasi mfukoni akamwonyesha. Kwenye safu ya wataalamu palikuwa na majina mawili. La kwanza halikuwa la Daktari.

Bi Chumvi aliisoma mara mbili, kwa sababu karatasi alikuwa akizijua. "Na mpishi ni nani?"

"Mimi," Daktari alisema. "Ukinifundisha."

"Utaunguza maji." Akasogea pembeni kumpisha. "Karibu ndani, chai ipo."

Chumba kilikuwa kile kile, na kabati lile lile lenye mlango mmoja, juu yake pakiwa na duara safi katikati ya vumbi pale lilipokuwa jiwe. Lakini kabla ya kukikanyaga kizingiti chake, bila kuambiwa na mtu, Daktari aliinama, akafungua kamba, akavua viatu akaviacha nje. Ndipo Bi Chumvi alipojua kwamba huyu sasa amejifunza, na kwamba mama yake, siku ile botini na jiwe mapajani huku askari wakishika mbavu, alikuwa amesema kweli tupu: asiyekujua hakuthamini.